Vitabu vya kuku kwenye kazi ya binti yangu

Shoga, zile tetesi kwamba Miwani wa duka la kuchapa anachanganya kazi za watu zilinikaa kichwani wiki nzima. Kumbe kweli!

Binti yangu kaandika kazi yake ya kumalizia chuo kuhusu ukunga. Akamwachia Miwani aweke ile orodha ya vitabu ya mwishoni, inayopangwa na kompyuta yenyewe. Leo mwalimu wake kafungua: magonjwa ya kuku! Vitabu kumi na tisa vya kuku! "Kazi hii umeiba wapi?" Kagoma kumsainia.

Nikamfuata Miwani dukani. Eti, "Mama, kompyuta inatunza vitabu vya wateja wote, mimi nimebonyeza tu."

Umebonyeza tu?! Nikamwambia, "Mwanangu anazalisha watu, hatagishi kuku!" Akacheka. Mtu mzima na ndevu zake, akacheka!

Najua binti yako anapeleka yake kwa Miwani kesho. Mzuie.

Asimwachie Miwani kazi yake.

Asikubali orodha itolewe kwenye kompyuta yenye vitabu vya wengine.

Asimpe mwalimu kabla hajasoma ukurasa wa mwisho, kitabu kwa kitabu. Wangu hakuusoma, na sasa wenzake wanahitimu bila yeye.