Pazia Fupi la Mikaeli

Alhamisi, tarehe 5, mwezi wa Hidar
Salamu, daftari langu. Hujambo? Mende hawajakula kurasa? Mimi mzima, namshukuru Mungu. Vidole tu vimechomwachomwa na sindano — pazia limekwisha! Jekundu, pindo la dhahabu. Nadhiri yangu kwa Malaika Mikaeli: siku Mesganaw wangu atakapoimba tena, litundikwe mbele ya Patakatifu. Mume wangu ni mwimbaji wa kanisa, na ana uvimbe kooni. Sauti imebaki kama bawaba kavu. Jumanne anapasuliwa, hospitali ya mjini Bahir Dar. Daktari hakuahidi sauti.

Wifi Aregash, dada yake, kaja kunywa kahawa na kulikagua. Eti zuri mno, Mikaeli asije akalitaka kabla ya kazi. Wifi huyu!

Jumapili, Hidar 8
Makubwa leo. Cheche ya chetezo imeunguza pazia la zamani! Kanisa letu limepangwa kama hekalu la Sulemani, ila la mviringo: duara la nje waimbaji, la kati sisi waumini, la ndani Patakatifu penye Sanduku la Agano, na humo wanaingia makuhani tu. Sasa mlango wa ndani uko uchi, na sikukuu ya Mikaeli ni Alhamisi. Abba Zerihun, kasisi wetu, kaniomba langu.

Wifi kakataa kwa niaba yangu. Eti nadhiri hailipwi mapema; nikitoa sasa, nitamshika Mungu kwa lipi? Nami moyoni nilikuwa upande wake, nisijidanganye. Jioni Mesganaw, aliyekatazwa hata kunong'ona, akanong'ona:

"Mpe, mama watoto. Mungu si fundi, umzuilie ujira mpaka amalize."

Jumatatu, Hidar 9
Nimetoa. Limetundikwa. Fupi! Shibiri nzima!

Mwanamke hasogelei mlango ule, kwa hiyo mwezi jana Mesganaw ndiye aliyepima, kwa fimbo ya maombi ya marehemu baba yake. Nami nikakata kwa fimbo ya Mesganaw mwenyewe, iliyokuwa karibu. Mkwe wangu alikuwa mrefu, na fimbo yake vilevile, nilisahau. Abba akasimama nyuma ya pazia kujaribu — visigino vyote nje, vimepasuka kama shamba la kiangazi. Wifi kaninong'oneza kwamba hata Patakatifu panahitaji siagi. Nilicheka, Mungu nisamehe. Kulirefusha, muda hakuna: basi la Bahir Dar halingoji mtu.

Jumanne, Hidar 10
Wamemchukua. Hospitali nayo ina maduara yake: uani watu na vikapu vyao, kisha wodi, kisha mlango nisioruhusiwa. Una pazia la kijani. Fupi! Naona viatu vya daktari vinakwenda huku, vinarudi huku. Simwoni mwenyewe, wala Mesganaw simwoni. Ila kazi inafanyika humo. Nimekaa navitazama, na kusema kweli nimetulia.

Alhamisi, Hidar 12
Uvimbe umetoka wote. Sauti — hakuna ajuaye, bado amekatazwa kusema.

Wifi kapiga simu kutoka kanisani, ngoma zinavuma. Nikamwekea Mesganaw sikioni. Kidole chake kikaanza kugonga chuma cha kitanda, mdundo uleule, hakikukosea.

Halafu wifi kanipasha: pazia sasa linagusa sakafu. Kwa kitambaa gani? Kumbe kakata pindo la shuka lake jeupe la sikukuu, yeye aliyesema nisitoe! Eti nisimwambie kaka yake, atalia na mshono utafumuka.

Jumamosi, Hidar 14
Daktari yuko hapa. Kasema ajaribu neno moja, moja tu. Mesganaw kanywa maji, kakaa wima, kanitazama. Anachagua! Mwimbaji huyu hawezi kutoa neno lolote lolote. Naandika hapa hapa, kando ya kitanda.

Anafungua kinywa.

Bwana, sina tena pazia la kukuahidi. Naomba tu. Nijibu mapema.