Mpigie Baba Mkwe Kuhusu Kichwa cha Alute

Mgori,
Singida.
18 Juni 2025

Kaka yangu mpendwa Nathan,

Hujambo huko Japani? Kazi za maabara zinakwendaje, na chakula chao umekizoea? Huku mama hajambo na watoto wanasoma. Mimi ndiye sina amani. Mwalimu Emiliana ataipiga picha barua hii akutumie, maana simu yangu ni ya kitochi, na hata ningekupigia ningeishia kulia tu.

Shemeji yako Alute alianguka kutoka mtini akirina asali. Alijipangusa vumbi, akacheka, akabeba ndoo yake mpaka nyumbani. Sasa kichwa kinamuuma kutwa, analala hovyo, na jana aliingia nyumba ya jirani akavua viatu kama yuko kwake.

Nathan, zile punje zenu ndogo zisizoonekana kwa macho! Ulisema mnaziingiza mwilini kwa sindano, zinafuata damu mpaka kwenye ubongo, halafu zinang'aa pale palipoumia hata kabla mtu hajaonyesha dalili. Tulikucheka, eti umesomea kuwasha panya taa. Leo sicheki. Huwezi kututumia hata kidogo?

Najua utasema bado ni za panya tu, hazijaruhusiwa kwa watu. Basi panya wenu wana bahati kuliko mume wangu.

Mganga wa zahanati ametuambia tumpeleke Dodoma haraka akapigwe picha ya kichwa, huenda damu inavujia ndani. Baba mkwe amekataa katakata. "Mtu anatembea, anakula ugali, akapasuliwe kichwa cha nini?" Nikimchukua Alute kwa nguvu akafia njiani, ukoo mzima utasema nimemuua mimi.

Wewe mzee anakusikiliza. Mpigie leo, tafadhali, usingoje kesho. Mwambie picha si kisu. Mwambie ubongo unaweza kuumia huku mtu anatembea na kula. Nakupigia magoti, kaka.

Mama anakusalimu sana, na Dina na Paulo wanamwamkia mjomba wao. Alute nilimwambia nakuandikia, nikamuuliza kama ana salamu kwako. Alinitazama sana, kisha akainamisha kichwa kwa adabu, akasema, "Shikamoo, mama."

Nikaitikia marahaba. Ningefanyaje?

Mungu akutangulie unapoinua simu.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Felista