Nimeiharibu Chachu ya Babu

Mpendwa Mama Ragnfrid wa safu ya ushauri, naomba unisaidie, maana hili sijamwambia mtu yeyote, hata mama: nimeiharibu chachu ya babu yangu. Mimi ni msichana wa miaka kumi na saba, nasoma sekondari hapa Voss, bondeni Norwe, na mambo mengi nayajua kwa kusoma, si kwa kutenda. Pombe ya kwetu unaijua, ya kimea na maji yaliyochemshiwa matawi ya mti wa mreteni, na chachu yetu babu aliipokea kwa mama yake, na kila anayepika huitumia kisha hurudisha povu jipya kwenye chupa, maana asiyerudisha ni mwizi, ndivyo tulivyolelewa. Basi Septemba, babu alipolazwa hospitali kwa ajili ya moyo, nilisoma kitabu kuhusu bia za Kijerumani zinazotiwa maziwa mgando ili ziwe na ukali wa ndimu, nikatamani kupika kitu ambacho bonde letu halijawahi kukionja, si ili ninywe, ila babu aone kwamba na mimi naweza, nikatumia chachu yote, nikatia vijiko vitatu vya maziwa mgando, na siku ya tatu ikawa kama siki, nami kwa utiifu wangu wa kijinga nikakusanya povu nikalirudisha kwenye chupa. Wiki mbili baadaye ndipo nilipofika ukurasa unaosema chachu iliyoguswa na maziwa haisafishiki tena.

Babu amerudi. Jumamosi anapika pombe ya Krismasi, na kwetu pombe iliyochacha ni aibu ya nyumba, jirani ataimeza kwa adabu kisha ataisimulia miaka thelathini. Juzi aliniuliza, "Mjukuu wangu, chachu ulirudisha?"

"Ndiyo, babu."

"Nilijua. Mama yako angesahau hata kichwa chake. Moyo wangu huu hauna Krismasi nyingi. Chupa ile ni yako."

Nilitazama viatu vyangu. Nimenunua paketi ya chachu ya dukani, imo mfukoni mwa koti. Je, niibadilishe kimyakimya?

Mjukuu, Voss

*

Binti, pole, na sasa nitakugomba. Kuharibu pombe si dhambi. Kila mpishi wa bonde hili amewahi kuwamwagia nguruwe pipa zima. Lakini ile "ndiyo, babu" ilikuwa nusu ya uongo, na hiyo paketi ni uongo mzima. Mzee aliyeinusa chachu yake miaka sitini, unadhani hataona tofauti? Ataiona, naye atadhani ni pua yake imekufa, au ni ugonjwa unammaliza. Umekwisha kumpotezea chachu, sasa unataka kumpotezea na pua?

Mwambie leo, kabla hajawasha moto. Usianze na machozi, anza na neno lenyewe. Kisha muulize alimgawia nani chachu hiyo zamani, kwa sababu sijaona mtu wa Voss aliyemnyima jirani. Huenda imelala kwenye friji ya mtu. Nenda ukaiombe wewe mwenyewe, usimtume mama yako. Na ile paketi, okea mkate.

Mama Ragnfrid

*

Mama Ragnfrid, nilimwambia Alhamisi, akiwa anasugua pipa. Nilisema, "Babu, chachu imeharibika. Ni mimi."

Akafungua chupa, akanusa, akaonja kwa ncha ya kidole. "Maziwa?"

"Maziwa mgando."

"Mjerumani gani kakufundisha?"

Sikujua kama anatania, maana hakucheka. Nikamuuliza alimgawia nani.

"Sjurd, wa shamba la juu. Mwaka aliofiwa na mkewe. Alikuwa hana hata chachu ya kupikia pombe ya msiba." Kisha akanigeuzia mgongo akaendelea kusugua.

Nilimwaga chachu. Nikachemsha chupa dakika ishirini, nikaifunga kwa kitambaa safi, nikapanda kwa miguu hadi kwa Sjurd. Alipofungua mlango sikusema nimetumwa. Nilisema nimeharibu, nikamweleza yote, hata maziwa, kisha nikamnyooshea chupa tupu, nikamwomba chachu ya babu. Akaipokea, akafungua friji yake.