Suti ya Hija na Gambuti za Mzee Elinami

Mulala, 20 Mei 2024

Kwa binti yangu Kaanaeli, huko Njiro.

Mimi baba yako Elinami nina miaka sabini na tisa. Nimemzika mama yako, kaka zangu wawili na wachungaji wanne. Nimeishi kumzidi yule Mzungu aliyetutoa Engare Nanyuki nikiwa mtoto, nimeishi kuuzidi ugonjwa uliomaliza kahawa, na lile lori lililonikanyaga mguu pale Tengeru lilishauzwa chuma chakavu, mguu bado ninao. Ukisikia mtu anasema mzee hawezi kutembea siku nne, mwambie anitafute.

Mimi mzima, ila goti la kushoto siku hizi linataka kusikilizwa. Wewe hujambo? Mumeo Reginald hajambo? Na wale wajukuu zangu ninaowajua kwa picha?

Simu siitaki. Neno la simu likishatoka huwezi kulishika, karatasi unairudia. Nilisoma darasa la nne la wakati ule, ambalo ni sawa na chuo cha sasa.

Basi sikia. Usharika umetangaza hija ya miguu, makanisa saba, kuanzia huku mlimani hadi lile kanisa la mjini ulikofungia ndoa. Nimejiandikisha wa kwanza. Jirani yangu Parsimei amejiandikisha wa pili, anasema hawezi kuniacha nikarudi na hadithi ambazo hakuna wa kuzikanusha. Nitaingia yote saba, na hilo la saba nitaingia mlango wa mbele. Miaka kumi na moja iliyopita niliishia nje, kwenye maua. Unakumbuka.

Ni mimi, Baba yako.

*

Njiro, 27 Mei 2024

Shikamoo Baba,

Barua yako imenifikia, yule jirani yako Nalepo aliileta pamoja na ndizi zake za kuuza. Tumefurahi kusikia u mzima. Huku hatujambo, watoto wako shule, Reginald anakusalimu sana.

Baba, huenda hujui. Mimi sasa ni mzee wa kanisa, na kamati ya kuwapokea mahujaji hapa mjini mimi ndiye katibu wake. Tangazo la mavazi nimeliandika mimi. Nakuandikia hapa ili usije ukasema hukuambiwa. Wanaume waje na suruali ndefu na shati lenye mikono, koti likiwepo ni vizuri zaidi. Bukta na singlendi zibaki barabarani. Kofia ivuliwe mlangoni. Kina mama wafunike mabega na wajifunge kitenge juu ya suruali zao za kutembelea. Viatu viwe safi. Gambuti haziruhusiwi kabisa, kwa sababu ya zulia jipya.

Reginald atapita Jumamosi akuletee suti na viatu vyeusi. Tumekisia kipimo kutoka kwenye picha ya mazishi ya Mama.

Tafadhali Baba, uvae.

Binti yako, Kaanaeli.

*

Mulala, 5 Juni 2024

Binti yangu,

Marahaba. Sisi huku wazima, ng'ombe amezaa, jike.

Suti imefika. Mumeo ni mtu wa adabu, alikunywa chai vikombe vitatu, ila gari lake aliliacha mbali kwa kuogopa matope, akapanda kwa miguu na viatu vya ofisini. Alipofika, rangi ya viatu ilikuwa haijulikani tena. Nikamwambia, umeona sasa kwa nini watu wa huku tunavaa gambuti?

Suti nimeitundika msumarini. Ni nzuri. Nilipojaribu koti, Parsimei akasema nafanana na mbunge aliyeshindwa. Lakini kuivaa sitaivaa. Kutoka hapa hadi Tengeru nitavuka mifereji isiyohesabika na mito mitatu, na huu mguu wa lori haukubali kiatu cheusi zaidi ya nusu saa. Siku ya harusi yako mvua ilinyesha, gari la kunichukua likakwama kule chini, nikashuka kwa miguu tangu alfajiri ili nikushike mkono kanisani na kukutoa mimi baba yako, siyo mjomba wako Loishiye. Kijana wa mlangoni akaangalia gambuti zangu tu, uso wangu hakuuangalia. Loishiye akakutoa. Nilikaa kwenye maua hadi nyimbo zikaisha, nikarudi.

Safari hii nitaingia na gambuti zilezile, aina ileile. Kijana wa mlangoni na ajiandae.

Ni mimi, Baba yako asiyebadilika.

*

Njiro, 11 Juni 2024

Shikamoo Baba,

Natumaini goti linaendelea vizuri. Sisi wazima.

Barua hii nimeichana mara mbili. Baba, kijana wa mlangoni mwaka ule hakuamua mwenyewe. Alinifuata kwenye gari nikiwa nimeshavaa shela, akaniuliza, kuna mzee wa gambuti hapo mlangoni anasema ni baba yako, tufanyeje? Nilikuangalia kupitia kioo. Ulikuwa na matope hadi kiunoni, na wageni wa upande wa Reginald walikuwa wanashuka kwenye magari. Nikamwambia, "Mwambieni asubiri." Nilidhani mtu atakutafutia viatu. Hakuna aliyekutafutia, na mimi sikuuliza.

Umemlaumu yule kijana miaka yote hii. Nilikuacha umlaumu.

Safari hii nitakuwa mlangoni mimi mwenyewe, na karatasi ya sheria nilizoandika mwenyewe mkononi. Ukija na gambuti, watu wote watanitazama nitasema nini. Nakuomba uvae suti, Baba. Usinipeleke tena mahali pale.

Binti yako, Kaanaeli.

*

Njiro, 24 Juni 2024

Shikamoo Baba,

Hukujibu. Nalepo anasema alikupa barua mkononi, ukaisoma umesimama, ukaikunja, ukaenda kukata majani ya ng'ombe bila kumuaga.

Hija inaanza Alhamisi. Kama hutakuja nitaelewa. Jumapili saa tisa nitakuwa mlangoni.

Binti yako.

*

Mulala, 4 Julai 2024

Binti yangu Kaanaeli,

Marahaba, na salamu kwa Reginald na watoto. Nimefika salama, goti limevimba kidogo ila halina la kusema tena mbele yangu.

Utasema wewe ulikuwepo, kwa nini nikuandikie. Nakuandikia kwa sababu ulikuwa unalia, hukuona vizuri. Na Njiro nzima inasimulia vibaya.

Sikukujibu kwa sababu nilikuwa na hasira, na nikiwa na hasira mwandiko wangu hausomeki. Siku ya kwanza nilisema siendi. Siku ya pili nilisema naenda na gambuti chafu kusudi. Siku ya tatu nikafikiri, huyu mtoto angeweza kukaa kimya mpaka nife, na hakukaa. Nikaitoa suti msumarini, nikaifunga kwenye kitenge cha mama yako pamoja na vile viatu, nikaning'iniza furushi kwenye fimbo.

Tulitoka watu thelathini na wawili. Nilitembea na gambuti na koti langu la baridi, na kila tulipofika kanisani nilikwenda nyuma ya ukuta, nikatoka nimevaa suti. Makanisa matano hivyo. Kanisa la tatu mabinti wa kwaya waliokuja na suruali za kubana walinifuata kuniuliza nimefunga vipi furushi langu, ili na wao wabebe vitenge vyao. Niliwafundisha. Sikulipisha.

Kanisa la sita, Jumapili ibada ya alfajiri, lile la mlimani juu ya Tengeru. Pale kila mtu anakuja na gambuti, anazivua mlangoni, anaingia na soksi. Nikaona mlangoni gambuti zimejipanga jozi sitini, nikasema nibadilishe nguo kwa ajili ya nani? Nikavua, nikaingia. Mbele niliona vikapu, mikungu na kuku waliofungwa miguu, nikadhani ndipo mahujaji wanapoweka mizigo. Nikaweka furushi, nikakaa nyuma. Na nitasema kweli, nilisinzia.

Nyinyi wa mjini mmezoea bahasha, labda umesahau. Huku ambaye hana fedha analeta mavuno mbele ya madhabahu, na ibada ikiisha yananadiwa nje. Naamshwa ibada imekwisha, natoka nje, niko uani na chai mkononi, namsikia mzee wa kanisa anasema, "Furushi la kitenge, ndani mna kitu laini. Nani anaanza?"

Parsimei akanibonyeza mbavu. "Elinami, hilo si lako?"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Lakini mikono ilikuwa mingi, na aliyeshinda akalifungua palepale. Anaitwa Ebenezer, mkata majani, shati lake lina viraka mgongoni. Akalipima koti kifuani kwake. Akasema, "Agosti namtoa binti yangu. Nilikuwa nakwenda kuazima."

Mimi nikafunga mdomo. Kitu kikishawekwa pale kimetolewa, na mtu mwenyewe hata kiuno chake kilikuwa kama changu. Nikamwambia Parsimei, tutembee. Hakunicheka hadi Tengeru, na hapo alicheka kwa ajili ya njia nzima.

Kutoka pale wengi walipanda magari. Tuliofika mjini kwa miguu tulikuwa kumi na tisa, na mkubwa wao nilikuwa mimi. Pale Lemara niliomba maji kwenye bomba la mama mmoja, nikaosha gambuti nje na ndani mpaka zikang'aa. Nikafunga vifungo vyote vya koti langu la baridi. Unione mzee ninayejiheshimu hata kama sheria yako imenishinda.

Mlangoni nikavua kofia. Kijana wako akanyoosha kidole kwenye maua. "Mzee, gambuti hapana. Subiri hapo pembeni kidogo."

Nikapiga hatua moja kuelekea huko. Nikakuona unakuja na karatasi yako, na watu wote wamegeuka. Nilikuwa tayari kwenda kukaa kwenye maua, Kaanaeli. Nakwambia hili wewe tu. Nilikuwa tayari, nisikupe shida.

Ukasema, "Huyu ni baba yangu. Amesubiri vya kutosha."

Ukampa kijana karatasi. Ukanishika mkono.

Sasa hapa ndipo wanaposimulia vibaya. Wanasema ulinikokota. Si kweli. Mimi ndiye nilikuongoza, maana ulikuwa huoni njia kwa machozi. Tulipita katikati ya lile zulia polepole, kama inavyotakiwa baba na binti wapite, gambuti zikilia kwa maji niliyoziosha nayo, kwaya imesimama, watu wamesimama, na sikuangalia kulia wala kushoto mpaka tulipofika mbele. Reginald alitoa simu apige picha akasahau kubonyeza. Alikuwa amesimama pale mbele, nikamkabidhi mkono wako. Sasa nimekutoa.

Na kukaa nyumbani kwako siku tatu kulinipendeza, ila kitanda ni laini mno na mtoto wako mdogo anapiga mateke. Mwezi ujao nitakuja tena.

Asiyeamini amuulize Parsimei, ambaye hanipendi kiasi cha kunidanganyia. Amuulize Ebenezer, Agosti, atakapokuwa kanisani na koti lake. Amuulize yule kijana wa mlangoni, namsamehe, na mwenzake wa mwaka ule pia. Na wote hao wakikataa, upo wewe. Mkono ulioshikwa na wangu ulikuwa wako.

Ni mimi, Baba yako, Elinami.