Kona Niliyoinyoosha

Kampi ya Reli, Kamina
Tarehe 9 mwezi wa kumi, 2024

Mpendwa mwanangu Mujinga,

Nakusalimu sana, weye mutoto wa kaka yangu, mwenye jina letu la Kiluba, uliyeliacha joto letu ukaenda kukaa ku baridi ya Liège. Kifua kimepona? Unakula, ao unakunywa kahawa tu mbele ya kompyuta? Sisi tuko. Goti langu linauma kila mvua ikikaribia. Mama yako mdogo Jeannine alipimwa presha wiki jana, imeshuka vizuri. Anakusalimu, lakini amenikasirikia, na sababu utaisoma chini.

Mvua ya kwanza imenyesha, tumeanza kupanda mahindi. Amida, jirani yetu muuza vitenge, ameoza binti yake kwa watu wa Kabongo. Tulikula wali siku mbili.

Sasa tuongee habari ya kona yako. Uliisimika mwenyewe nyuma ya jiko mwaka jana, bati tatu nene zilizounganishwa kama pembe ya chumba, zinatazama juu. Ulitueleza kwamba setilaiti inapita, inatuma mawimbi ya rada, na kona inayarudisha. Ikipita tena baada ya siku kumi na mbili mnalinganisha, na udongo ukisogea hata unene wa kucha, mnajua. Kisha ukaniambia, "Baba, uiangalie." Neno hilo njo lilinipoteza. Weye ulitaka niitazame tu kwa macho. Minyi nilisikia niitunze.

Tetemeko la mwezi wa nane lilicheza na sahani zetu kabatini, likapasua ukuta wa Amida, ila hakuna aliyeumia. Kesho yake asubuhi nikaenda kuiangalia kona, nikaiona imeinama. Mwanangu, nimenyoosha reli miaka thelathini na moja, kutoka hapa mpaka Kabongo. Kitu kilichoinama kinaniwasha mwili. Nikasema tetemeko limeharibu kazi ya mutoto. Nikaleta nivo yangu, ile yenye tone la hewa ndani ya kioo, nikainua mguu wa mbele wa kona, nikaingiza kipande cha chuma chini yake mpaka tone likakaa katikati. Nikajisifu peke yangu. Amida naye akanipongeza kutoka ng'ambo ya ukuta wake.

Wiki jana ukapiga simu na furaha yako. Setilaiti imeona udongo wa kwetu umepanda karibu sentimita nne, jambo ambalo hakuna aliyelitazamia, na mwisho wa mwezi utasimama mbele ya maprofesa kuwaonyesha. Ukacheka, ukasema ni bahati kwamba uliisimika kona kwa kuinamisha, ili iitazame vizuri njia ya setilaiti. Nikasema mtandao ni mubaya, nikakata.

Aibu ilinishika. Siku tatu nilijidanganya kwamba labda udongo umepanda kweli. Jeannine, aliyeniona siku ile na nivo, akaniambia: "Njo weye uligusa ile kintu. Umuandikie. Ku telefone utakata tena." Na kweli, ningekata.

Basi nakiri. Si udongo uliopanda, ni minyi niliyepandisha. Usisimame mbele ya wakubwa wako ukiwaonyesha kosa langu, ukaja kuchekwa kwa ajili ya mzee na kiburi chake. Unisamehe. Barua hii anaileta kijana wetu Papy, anayesafiri Jumamosi kuja huko kwenu, ili ikufikie mapema.

Msalimie dada yako Séphora na mume wake. Shangazi Ngalula anauliza utakuja lini. Nivo yangu Jeannine ameificha, hataki kusema iko wapi. Mungu akulinde, akupe nguvu ya kazi na watu wa kukupikia.

Kona sijaigusa tena. Lakini mtu wa reli hagusi kitu bila kuandika, na kaye yangu, lile daftari la kazi, iko hapa mbele yangu: tarehe 20 mwezi wa nane, saa nne asubuhi, mguu wa mbele, milimita thelathini na nane. Hizo ni zangu, uzitoe. Kitakachobaki, hata kikiwa kidogo namna gani, njo cha udongo wetu. Hicho uwaonyeshe bila kuogopa.

Akupendaye hata pale anapokuharibia,
Baba yako mdogo,
Nkongolo Urbain