Sitaweka Sahihi, Baba

Kambi ya Bwawa,
Jumapili

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mguu wa mama umepoa na sasa anafika shambani. Dawa ya salfa ya kupulizia mikorosho mmeipata, au bado mnazungushwa? Mimi mwili mzima, alhamdulillahi, ila baridi ya huku sijaizoea.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Unataka nimwangukie msimamizi wa bwawa ili nisipoteze kazi. Baba, nisikilize kwanza.

Bwawa ni ukuta unaozuia mto. Mvua zikinyesha maji yanajaa nyuma yake, kisha milango ya chuma inafunguliwa kidogo kidogo ili yashuke kwa kipimo. Ukichelewa, itakubidi uyaachie kwa mpigo. Kazi yangu ni kusoma kina cha maji. Mwezi uliopita maji yalipanda siku nne mfululizo. Nikamwambia msimamizi, "Tuanze kupunguza leo."

Akanijibu, "Wewe soma namba, binti. Maji hayo ni umeme."

Siku ya tano asubuhi akaamuru milango yote ifunguliwe.

"Na watu wa bondeni?"

"Watayaona yakifika."

Ninyi huko, mto Ruvuma ukitaka kufurika mnauona: unabadilika rangi, unapanda taratibu, mnahamisha vibanda vya mpunga. Mto wenye bwawa hauonyeshi dalili. Unajaa kwa amri ya mtu mmoja. Nikamsihi fundi wa milango asiiguse mpaka saa sita. Akaitikia kwa kichwa, akanipa na baiskeli yake. Niliteremka nikipiga kelele hadi sauti ikakauka. Kina mama walikuwa wanavuna. Wakabeba watoto, wakapanda kilimani. Mpunga wote umekwenda na maji. Mtu hata mmoja hakwenda nayo.

Sasa nimesimamishwa. Wameandika karatasi kwamba nilitoroka kazini na kuzusha hofu. Nikiweka sahihi kukiri kosa, kesho narudi kazini. Siweki. Juzi msimamizi kaniuliza, "Unajiona nani?" Nikamwambia, "Mtoto wa mkulima wa bondeni."

Wakinifukuza nitarudi nyumbani Ziwani kupalilia mihogo, na sitainamisha uso mbele ya mtu.

Nisalimie mama, na shangazi anayeuza samaki Mikindani. Kaka aliyeko Nanyamba mwambie aache kunitafutia mtu wa kuniombea msamaha. Kosa sikufanya.

Ni mimi mwanao, nisiyejuta,
Somoe