Amina Niliyoitikia Dukani

Mjukuu wangu Salma,

Mlio wa printa ya dukani Rasbura haujanitoka masikioni, na ndio jibu la swali lako. Shikamoo yako imefika, marahaba, ingawa kuitwa bibi na mtu tunayekaribiana naye umri bado kunanichekesha; ukoo ndio ulioamua. Mama yako hajambo, ameshavuna ufuta.

Umeuliza kwa nini kitabu changu cha pili cha ufundi wa majokofu hakitoki. Mwaka jana nilikwenda dukani pale kutoa kopi ya cheti. Printa ilikuwa ikitema kurasa, nikaitambua michoro ya kitabu changu cha kwanza.

"Chukua na wewe, dada," mwenye duka akaniambia. "Faili liko kwenye kundi la mafundi mtandaoni. Mwandishi ameshafariki, Mungu amrehemu. Tunalisambaza liwe sadaka yake."

Nikaitikia amina. Niliogopa, na hata leo sijui niliogopa nini zaidi: kumwaibisha mtu mwema, au kwamba huenda ni kweli nimekufa. Tangu faili hilo lienee, kitabu cha kwanza hakinunuliwi tena, na mchapishaji amesema cha pili hatakigusa. Nikikaa kuandika, naishia kulifunga daftari.

Jana baada ya alasiri nilijiunga na kundi lile. Nikarekodi sauti yangu, nikasema mimi ndiye mwandishi, niko hai, kitabu hicho ndicho kilichokuwa kikinilisha, na cha pili nimekifikisha katikati. Nimeshaituma. Tangu hapo simu inalia mfululizo, nami sijathubutu kuifungua.

Bibi yako,
Mwanaidi